Sauti za Ngome ya Chumvi

Kaka yangu alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Usidhani nampamba kwa sababu ya udugu. Hata seremala wa karakana ya jirani, mtu mgumu wa kusifu kuliko jiwe, alikuwa akizima mashine yake ya randa ili amsikilize kaka akimweleza mteja kwa nini mlango wa mbao mbichi utakuja kupinda. Kaka naye ni seremala. Watu wote wanamwita Fundi, na mimi mdogo wake nimezoea kumwita hivyo hivyo.

Nyuma ya karakana yake kulikuwa na chumba cha kukaushia mbao. Humo ndimo tulimochezea kila Jumamosi alasiri, tumekalia vipande vya magogo, harufu ya gundi na msonobari puani. Mchezo wetu haukuwa bao wala karata. Mtu mmoja ndiye msimulizi: anaijua nchi ya kwenye hadithi, milima yake, watu wake na maovu yake. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na ndiye anayeamua mhusika huyo afanye nini. Ukitaka kuruka ukuta, unasema, "Naruka." Lakini kama utatua salama upande wa pili au utavunjika mguu, hiyo ni kazi ya dadu. Dadu likishasema, msimulizi anaipokea hadithi na kuisukuma mbele. Hakuna anayemshinda mwenzake. Ama mnashinda wote, ama mnaliwa wote na zimwi.

Tulikuwa wachezaji watatu. Breki ni dereva wa malori, pande la mtu lenye mabega ya kubeba friji peke yake. Mhusika wake alikuwa tabibu anayezimia akiona damu. Hesabu ni mwalimu wa hisabati, rafiki yangu tangu utotoni, mwanamke asiyevumilia mwanafunzi anayechungulia karatasi ya mwenzake. Mhusika wake alikuwa mwizi wa kutupwa. Mimi ni fundi wa lifti, kazi yangu ni kupanda na kushuka. Mhusika wangu alikuwa mwanamieleka wa kike ambaye hajawahi kupita mlangoni bila kuung'oa.

Nchi nzima iliyobaki ilikuwa ya Fundi. Yeye ndiye aliyekuwa Bibi Komeo, kikongwe mlinda malango, mwenye sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta. Yeye ndiye aliyekuwa Kapteni wa walinzi, ambaye maneno yake yalitokea tumboni. Yeye ndiye watoto, wezi, maiti waliofufuka na mbuzi. Hadithi yetu ilihusu Ngome ya Chumvi, ngome nyeupe katikati ya jangwa, ambamo malkia mmoja aliifungia mvua ya nchi nzima ndani ya mitungi. Breki alikuwa akisema jina hilo limekaa mahali pake, maana msimulizi mwenyewe ni bingwa wa kutia chumvi.

Kisha maisha yakatutawanya. Mimi nilipata kazi ya kuhudumia lifti za majengo marefu katika mji wa mbali. Breki akaanza safari za kuvuka mipaka. Hesabu akahamishiwa shule iliyo nyuma ya milima. Fundi akabaki na karakana yake na vile vipande vya magogo visivyokaliwa.

Hesabu ndiye aliyetukusanya tena. "Mimi nawafundisha watoto waliolazwa hospitali kwa kutumia kompyuta," alisema kwenye simu. "Wanasoma, wanafanya mitihani, wananichokoza kama kawaida. Sisi watu wazima na akili zetu timamu tutashindwa kucheza?"

Hatukushindwa. Tukapata mahali mtandaoni ambapo tuliweza kuonana sura na kusikilizana. Tukapata na ubao wa mtandaoni: msimulizi anaweka picha ya chumba au barabara, na kila mmoja wetu, popote alipo, anaisogeza kete yake kwa kidole na wengine wote wanaiona ikisogea. Dadu nazo zilibingirika kwenye kioo. Breki hakuziamini. "Dadu lisiloshika jasho la mkono wangu ni uchawi mtupu," alilalamika, lakini kabla ya kulibonyeza alilipuliza pumzi, akaifanya simu yake kuwa na ukungu. Yeye alicheza akiwa ndani ya lori, ameegesha kwenye vituo vya kupumzikia. Mimi nilicheza chumbani kwangu, kompyuta ikiwa juu ya meza ya kupigia pasi. Fundi alikaa kwenye meza yake ya chakula, kwa sababu kule karakana mtandao ulikuwa wa kubahatisha.

Hata nyumbani kwake haukuwa wa kutegemewa sana. Picha yake ilipoganda, Breki alipiga kelele, "Wifi imekwenda wapi tena?" Na mke wa kaka, ambaye kwangu mimi kweli ni wifi, alijibu kutoka jikoni, "Wifi yupo, anakaanga mayai! Ninyi endeleeni kuua mazimwi yenu."

Wifi hakuupenda mchezo wetu, wala hakuuchukia. Aliuchukulia kama mwanamke anavyochukulia mkoromo wa mumewe: si jambo la kujivunia, lakini huwezi kumpata mume bila huo.

Mwanzoni sauti ya Fundi ilipokwaruza tulimtania. Tulimwambia Bibi Komeo amemkalia kooni na amekataa kushuka. Yeye mwenyewe alicheka, akakohoa, akanywa maji. Mkwaruzo haukuisha. Ukaja wakati wa kuhangaika kutafuta pumzi, ukaja wakati wa kuona damu kwenye kitambaa, na ndipo wifi alipomshika mkono akampeleka hospitali bila kumuuliza kama anataka.

Daktari hakuficha. Uvimbe ulikuwa ndani ya kisanduku cha sauti, na ulikuwa wa ule ubaya ambao haungojewi. Kisanduku chote kingeondolewa. "Utapumua kupitia tundu dogo shingoni," daktari alimwambia. "Utakula, utatembea, utafanya kazi, utazeeka, Mungu akipenda. Lakini sauti hii uliyonayo haitarudi."

Nilichukua likizo nikaenda. Asubuhi ya upasuaji Fundi alimvuta mkewe karibu na kitanda, akamwambia jambo sikioni kwa ile sauti iliyokuwa imebaki. Wifi hajalisema kwa mtu mpaka leo, na mimi sijamuuliza. Kuna maneno ya watu wawili tu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Uvimbe uliisha, na wala haujarudi. Lakini nyumba yake ikawa kimya kama maji ya mtungi. Fundi aliandika alichotaka kwenye simu, akaigeuza mtu asome: chai, ahsante, zima taa. Karakana nayo ilifungwa kwa muda, kwa sababu vumbi la mbao ni adui wa mtu anayepumulia shingoni. Basi akawa mtu wa kukaa sebuleni mchana, mikono iliyozoea patasi imelala mapajani kama ya mgeni.

Sisi watatu tulikaa tukashauriana, maana tulimpenda. Nia yetu ilikuwa njema, na njia ya nia njema ndiyo iliyotupoteza. Hesabu angekuwa msimulizi. Fundi angerudi kama mchezaji, na tulikwisha kumtengenezea mhusika kabisa: mtawa aliyeweka nadhiri ya kutosema. Tuliona tumebuni jambo la ajabu. Mimi ndiye niliyemwandikia, na nilijaza ujumbe wangu na alama za kushangilia.

Jibu lake lilichelewa. Lilipofika lilikuwa fupi.

"Sijafa. Msinipe kiti cha mgonjwa."

Halafu kwenye kundi letu la ujumbe yakatokea yale maandishi madogo ya kijivu: Fundi ameondoka.

Jioni ile ile wifi akanipigia. "Umemwandikia nini kaka yako? Amekaa uani anakwangua mpini wa ufagio kwa kisu."

Nikamweleza yote, pamoja na yule mtawa. "Wifi yangu," akasema, "mmemfanyia hisani. Yule mtu hataki hisani. Anataka kazi."

Nilitaka kumwandikia kaka kumwomba radhi, nikaona nitazidi kuchokonoa kidonda. Nikapiga moyo konde, nikasubiri. Breki na Hesabu nao wakasubiri. Jumamosi zikawa zinapita kama siku nyingine yoyote ya kufua nguo.

Habari zilinijia kwa wifi, kidogo kidogo. Kwamba Fundi amehamia kwenye kompyuta. Kwamba anaamkia hapo, na chakula anakisahau mpaka kinapoa. Kwamba amekuwa akitazama masomo ya uchoraji, akipinda mgongo mbele ya kioo kama mtu mwenye oda ya kitanda cha bwana harusi. "Nikipita nyuma yake anafunika anachofanya," wifi alisema, "utadhani kijana anayeandikiana na mchumba. Nimemuuliza kama nimeletewa mke mwenza. Ameandika, 'Wako wengi, na mmoja ni malkia.'"

Ndipo siku moja, nikiwa juu ya paa la lifti naangalia nyaya, simu ikatetema mfukoni. Ilikuwa linki, na chini yake mstari mmoja: "Jumamosi, wakati ule ule. Msimulizi ni mimi."

Jumamosi hiyo nilifungua kompyuta mapema. Hesabu alikwisha kufika, amevaa nguo nzuri kama anakwenda kikao cha wazazi. Breki akatokea, uso wake umejaa dirisha lote, nyuma yake pazia la lori. Kisha Fundi. Alikuwa amekonda, na shingoni amefunga kitambaa laini. Aliinua mkono. Sisi tukainua yetu.

Akafungua ubao. Breki akapiga mluzi.

Tulizoea picha za kuokoteza, mistari na maboksi. Hii ilikuwa ngome iliyojengwa na seremala. Kila ubao wa sakafu ulikuwa na nyuzi zake. Milango ilikuwa na bawaba upande unaostahili, na mbao za paa zilishikana kwa viungo ambavyo ungeweza kuvipima. Sehemu kubwa ilifunikwa na ukungu mzito, na kete zetu zilipogusa lango, ukungu ukarudi nyuma kidogo, ukatuonyesha ua mweupe na kivuli cha mnara.

Halafu maneno yakaanza kutokea pembeni, herufi kwa herufi: "Mmefika lango la kaskazini. Ukuta unatoa joto kama tanuri lililozimwa sasa hivi. Chumvi imeingia hadi kwenye meno yenu."

Yalikuwa maneno mazuri. Lakini yalichelewa. Breki alikuwa akisoma kwenye kioo cha simu, na macho yake si ya ujana tena. Alipomaliza sentensi ya kwanza, ya tatu ilikuwa imeshapita. Hesabu alirusha dadu la kufungua kufuli kabla Fundi hajamaliza kuandika kwamba lango lilikuwa wazi. Mimi na Breki tukasema kwa pamoja, tukanyamaza kwa pamoja, tukasema tena kwa pamoja. Fundi alifuta, akaandika, akafuta.

"Fundi," Breki akasema polepole, kwa upole ambao hajawahi kuwa nao maishani mwake, "tukusubiri kwanza?"

Ule upole ulikuwa mbaya kuliko tusi. Niliona taya la kaka yangu likikakamaa. Akaiondoa mikono yake kwenye herufi, akaitazama. Nikajua sasa anafunga kompyuta, na safari hii hatarudi.

Hakufunga. Alikunja ngumi, akaigonga meza kwa kifundo cha kidole. Ko. Ko.

Meza ile aliitengeneza mwenyewe, ya mti mgumu, na mlio wake ulipita mtandaoni ukiwa safi kama kengele. Wote tukanyamaza papo hapo, hata Breki aliyekuwa anatafuna.

Akaandika: "Nikigonga, kimya. Hesabu, wewe una sauti ya darasani, soma ninachoandika ili Breki asikie. Breki, acha kunihurumia, endesha gari lako."

"Sawa, bosi," Breki akasema, akakaa wima.

Simu yangu ikatetema. Ulikuwa ujumbe wa faragha kutoka kwa Fundi, wangu peke yangu: "Wewe ndiye Bibi Komeo. Wenzako hawajui. Amewaona mkija tangu asubuhi na magoti yanamuuma. Anza: Nani huyo anayegonga kwa mguu kama punda?"

Nilikuwa nimemsikiliza Bibi Komeo miaka mingi, lakini sikuwahi kumtoa kinywani mwangu. Fundi akagonga meza. Ko.

"Nani huyo," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba, kavu, bawaba isiyotiwa mafuta, "anayegonga kwa mguu kama punda?"

Breki aliruka kitini mpaka kofia ikagonga dari la lori. "Bibi Komeo!" akapiga kelele, kama mtu aliyekutana na shangazi yake kituo cha basi. "Jamani, Bibi yu hai!"

"Niko hai kwa sababu hujawahi kunitibu," Bibi Komeo akamjibu, maana ndivyo Fundi alivyokuwa ameniandikia. Hesabu akacheka mpaka miwani ikamshuka. Fundi akanitumia mstari mwingine, na mwingine. Halafu akaandika, "Endelea mwenyewe. Unamjua." Na kweli nilimjua. Nilimjua mpaka anavyonuka.

Kutoka hapo mambo yakabadilika. Macho ya Breki yakashuka kwenye ujumbe wake, yakapanuka, na ndani ya lori ikatoka sauti nzito ya Kapteni wa walinzi, iliyotutaka tuweke silaha chini. Breki akimsemea Kapteni, kisha akijijibu kama tabibu mwoga, akitetemeka mbele yake mwenyewe! Hesabu alisoma simulizi za Fundi kama anasoma taarifa ya habari ya nchi iliyo kwenye vita, na katikati akawa mfungwa, akawa mtoto aliyepotea. Watu wa Fundi walikuwa wamegawanyika vinywani mwetu, na yeye alikaa katikati kama mtu anayeshika hatamu za farasi wengi, akigonga, akiandika, akifukuza ukungu chumba baada ya chumba.

Tena kulikuwa na jambo ambalo kule kwenye chumba cha mbao asingeliweza kabisa. Ana kwa ana mtu akimnong'oneza mmoja, wote wanaona. Sasa aliweza kumwambia mmoja wetu siri huku wengine wanamtazama usoni na hawajui. Hesabu alisoma kitu, uso wake ukawa kama wa siku ya matokeo. Kete ya mwizi wake ikateleza nje ya chumba, na mlango ukafungwa, sisi tukiwa ndani.

"Umetuuza!" Breki akanguruma. "Mwalimu mzima! Mtu wa kusahihisha mitihani!"

"Nyamaza," Hesabu akasema, ametulia tuli. "Nimewaficha. Walinzi wanapita huku nje, na wewe unapumua kama lori lako."

Tulimaliza siku hiyo tukiwa hatujaufikia ukumbi wa malkia, na hakuna aliyetaka kuaga. Wiki nzima tuliulizana kwa ujumbe: malkia atapewa nani? Breki alisema nitapewa mimi kwa kuwa ni ndugu. Hesabu alisema hapana, malkia anahitaji nidhamu. Fundi, aliyekuwa amerudi kwenye kundi kimya kimya, hakujibu. Alituwekea tu picha ya mtungi.

Jumamosi iliyofuata tuliingia ukumbini. Ukungu uliondoka wote kwa mara moja: mitungi kila mahali, mikubwa na midogo, imepangwa mpaka kwenye dari, na mwisho wa ukumbi kiti cheupe. Fundi akagonga. Ko. Ko. Sote watatu tukatazama simu zetu. Hakuna iliyotetema.

Kwenye dirisha la Fundi tukasikia kiti kinavutwa. Wifi akakaa kando yake, kitambaa cha kichwani amekifunga juu kama taji, uso hauna mzaha. Fundi akaandika, naye akasoma kwenye kompyuta, kwa kusitasita, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Nani... amewaruhusu... kukanyaga sakafu yangu?"

Breki akaachia kicheko.

Wifi aliinua macho. "Tabibu," akasema, na safari hii hakuna aliyemwandikia, "kuna kitu cha kuchekesha usoni kwangu?"

"Hapana, shemeji," Breki akasema. Akajisahihisha haraka. "Hapana, Malkia."

Fundi akaiondoa mikono yake kwenye herufi. Kwa muda mrefu hakuirudisha. Mhusika wangu akamuuliza malkia kwa nini aliifunga mvua, na wifi akajibu kutoka mahali ambapo hata yeye, nadhani, hakupajua. "Ilipokuwa inanyesha bure mlikuwa mnalalamika matope. Nguo hazikauki, watoto wanapiga chafya. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema ahsante. Basi mimi nimeichukua. Sasa semeni. Nawasikiliza."

Nikatishia kuvunja mitungi yote, ndiyo dawa niliyoijua. "Vunja," wifi akasema. "Kila mtungi una masika mazima. Utawaua wote walio bondeni, pamoja na huyo Bibi Komeo wako." Hesabu akajaribu kumlaghai, dadu likamkatalia. Akajaribu tena, likamkatalia vibaya zaidi, walinzi wakamkamata. Tulikuwa tumekwama, na ilikuwa raha ya ajabu kukwama hivyo.

Ndipo Breki, yaani yule tabibu mwoga wake, aliposogeza kete mpaka mbele ya kiti. Hakusema kwa sauti ya mchezo. Alisema kwa sauti yake.

"Malkia, wewe mwenyewe ulinyeshewa lini mara ya mwisho?"

Wifi akamgeukia mumewe atafute jibu. Fundi hakuandika kitu. Alimfungulia kiganja tu, kana kwamba anamwambia, ni lako hilo.

"Sikumbuki," wifi akasema taratibu. Halafu, "Hebu fungueni mmoja. Ule mdogo."

Ilibidi dadu liamue kama mtungi utafunguka bila kupasuka. Breki alilipuliza, akalipuliza tena, akabonyeza. Lilibingirika, likasimama kwenye namba kubwa kuliko zote.

Sijui kama jirani zangu wamewahi kunisamehe kelele ile. Hesabu alisimama akatoka kwenye picha akirukaruka. Breki alipiga honi ya lori, na mahali alipoegesha malori mengine yakamjibu bila kujua yanashangilia nini. Na kaka yangu alikuwa anacheka. Kicheko hakina sauti tena kwake, lakini mabega yalitikisika, machozi yakamtoka, alishika ukingo wa meza yake ili asianguke. Wifi alikuwa akimpiga begani. "Unacheka nini wewe? Wamenipokonya mvua yangu!"

Jumatatu kazini nilimsimulia mwenzangu tuliyekuwa tunabadilisha naye kamba za lifti. Akanisikiliza, akakuna kichwa. "Subiri. Huyo kaka yako hasemi, halafu ndiye msimulizi?"

"Ndiye," nikasema. Kifua kilinijaa mpaka mkanda wa usalama ukanibana.

Fundi amerudi karakana. Wifi amemshonea vitambaa vya kuzuia vumbi, vya rangi rangi, na seremala wa jirani, yule mgumu wa kusifu, anampasulia mbao kwenye mashine yake ili yeye afanye kazi ya mkono tu. Jumamosi zetu zinaendelea, na wifi, aliyekuwa malkia, sasa ana mhusika wake wa kudumu. Lakini si hapo mambo yalipoishia. Muuguzi wa kliniki anakohudhuria alimuuliza siku moja inakuwaje yeye anakuja na uso wa mtu aliyetoka harusini. Fundi akamwandikia sababu. Muuguzi akayaonyesha maandishi yale kwa wengine waliofanyiwa upasuaji kama wa Fundi: mnadi wa mnadani, mwimbaji wa kwaya, askari wa barabarani. Leo Fundi ana meza ya pili ya mchezo mtandaoni, Jumatano jioni, ya watu wasio na sauti.

Alinialika mara moja kama mgeni. Sharti lilikuwa moja: maiki zote zizimwe, hata yangu. Nikadhani nitawasaidia. Ala! Wale watu wanaandika kama mvua ya mawe. Vidole vyangu vimekomaa kwa spana na nyaya, nikawa natafuta herufi moja moja, na kabla sijamaliza kusema kwamba nauvunja mlango, mnadi aliniandikia, "Mgeni, mlango huo tulishaupita. Tuko kijiji kingine." Wakacheka wote, mabega juu chini. Zimwi lilipotokea, Fundi akaamuru maiki ziwashwe, akagonga meza, na wakawasha kwa pamoja vile vifaa vya kutolea sauti, vya kubandika shingoni, wanavyopewa kliniki, ambavyo hakuna anayevipenda kwa mazungumzo ya kawaida kwa sababu vinavuma kama nyuki ndani ya kopo. Kama zimwi vilitisha kweli kweli. Nywele zilinisimama.

Mwishoni mwimbaji wa kwaya akaniandikia: "Samahani, hatukukujua vizuri. Wewe ni nani wake?"

Nikaandika, "Mdogo wake." Nikayatazama yale maneno, nikaona yamekaa kinyonge mno kwa jambo lenyewe. Nikayafuta. Nikaandika upya, kwa herufi kubwa, kidole baada ya kidole, na safari hii walinisubiri wote bila kunitania:

"MIMI NI MDOGO WAKE FUNDI."

Wakainua mikono kwenye madirisha yao, wakaipunga juu, ndivyo wanavyopiga makofi wao. Kaka yangu aliinamisha kichwa kwa aibu, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mimi niliendelea kupunga.